Gari la Dizeli Linapogoma kwa Baridi: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Fundi, pokea salamu kutoka Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na huku ninaishi na familia yangu. Mwaka huu nimenunua pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1997 yenye injini ya dizeli ya lita 7.3 na betri mbili, kwa kazi ya kuhamisha samani na kuondoa theluji. Wenzangu huchomeka injini zao kwenye umeme usiku kucha ili zisipoe, lakini mimi ni mpangaji, uwanja wa maegesho hauna soketi hata moja, na mwenye nyumba amenikataza kupitisha waya dirishani. Januari baridi hushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na zipo siku inafika 30. Asubuhi stata inazungusha kivivu, moshi mweupe unatoka nyuma, kisha betri zinalegea na gari haliwaki. Je, kuna namna ya kuliwasha bila kulichomeka, au nimenunua hasara?

JIBU: Ndugu yangu wa Fargo, hukununua hasara. Injini hiyo iliundwa na kampuni ya Navistar na kufungwa kwenye magari ya Ford kuanzia 1994 hadi 2003, na ni miongoni mwa injini za dizeli zinazosifiwa kwa kudumu. Ikiwa na afya, huwaka bila kuchomekwa kwenye baridi ya nyuzi 15, hata 20, chini ya sifuri. Chini ya hapo sitakuahidi jambo, kwa sababu hapo lazima uipelekee injini joto kutoka mahali pengine, na nitaeleza ni wapi. Kwanza lakini tushughulike na moshi mweupe ulioutaja kwa kupita, kwa kuwa ndio uliobeba habari kubwa kuliko yote katika barua yako.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa inayoingia kwenye silinda inabanwa hadi inapata joto la mamia ya nyuzi, na dizeli inapopulizwa ndani ya hewa hiyo inashika moto yenyewe. Katika injini yako hewa hubanwa mara 17.5. Chuma kikiwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, kuta za silinda na kichwa cha pistoni hunyonya joto hilo mara linapozaliwa, na stata ikizungusha polepole, joto hupata muda wa kutoroka huku sehemu ya hewa ikivuja pembeni mwa ringi. Moshi mweupe ni dizeli iliyopulizwa ikakosa joto la kuiwasha. Maana yake ni kwamba mafuta yako yanafika, hayajaganda, na nozeli, yaani vipulizaji vya dizeli, zinafanya kazi. Kinachokosekana ni joto na mwendo wa stata. Kama ungepiga stata bila kuona moshi wowote nyuma, ningekutuma kwenye tanki, kwenye filta na kwenye mgandamizo wa oili, na jibu langu lingekuwa jingine kabisa.

Anzia basi kwenye hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Ziko nane, moja kwa kila silinda, na kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 100. Mzigo wote huo unapita kwenye rilei moja, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyofungwa juu ya injini, nyuma kidogo, upande wa abiria. Rilei hiyo ndiyo mgonjwa wa kwanza wa kushukiwa katika magari haya. Ubaya wake ni kwamba inaweza kutoa mlio wa kubofya kila unapofungua swichi, nawe ukaamini inafanya kazi, kumbe sehemu zake za kugusana zimeshaungua ndani. Usisikilize, pima. Chukua multimita, yaani kipimo cha umeme, mtu akufungulie swichi asubuhi injini ikiwa baridi, kisha upime volti kwenye nguzo kubwa inayopokea umeme wa betri na kwenye nguzo kubwa inayoupeleka kwenye hita plagi. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana. Ukiona volti 11.5 upande mmoja na volti 9 upande wa pili, rilei imekwisha. Na kama upande wa pili hakuna kitu kabisa, ama rilei imekufa au haipokei amri. Rilei ikiwa nzima, chomoa viunganishi vilivyo kwenye vifuniko vya valvu na upime ukinzani wa kila plagi hadi kwenye bodi. Plagi nzima ikiwa baridi husoma chini ya omu 2, na iliyokatika haisomi kitu. Plagi mbili zilizokatika utazivumilia mwezi wa Septemba bila hata kujua, lakini Januari zitakulaza nje.

Jambo jingine ambalo wamiliki wengi wa injini hii hawaambiwi: ile taa ya njano inayokutaka usubiri haikuonyeshi kama hita plagi zinawaka. Inazimika baada ya muda mfupi, ilhali hita plagi zenyewe zinaweza kuendelea kupata umeme kwa takriban dakika mbili kwenye baridi kali. Anayepiga stata mara tu taa inapozimika anapoteza sehemu kubwa ya joto alilostahili kulipata. Kwenye baridi ya Fargo, acha taa izimike, subiri hadi dakika moja na nusu au karibu mbili zipite tangu ufungue swichi, ndipo upige.

Sasa betri. Betri ya risasi na asidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa takriban nusu tu ya nguvu inayoitoa siku ya joto, wakati injini yenyewe inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Gari lako lina betri mbili zilizofungwa sambamba, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojidanganya, kwa kuwa wakizipima zikiwa zimeungana wanaona volti nzuri na kuzipitisha. Zitenganishe na uzipime moja moja zikiwa na mzigo, kwa sababu betri moja mbovu huila ile nzima usiku kucha. Iliyojaa inapotulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ukilazimika kubadilisha, badilisha zote mbili kwa pamoja, na uchague zenye ampea za baridi (CCA) 750 hadi 850 kila moja. Safisha vichwa vya nyaya hadi risasi ing'ae, pamoja na waya wa hasi unaofungwa kwenye bloku, ambao hausafishwi na mtu. Injini hii ina sababu ya ziada ya kudai betri nzima: nozeli zake zinaamriwa kwa umeme, na volti zikishuka chini ya 10 hivi wakati wa kupiga stata, kompyuta inaweza kukataa kuzifungua hata kama injini inazunguka.

Kama nyumba yako haiko mbali na maegesho, zifungue betri jioni ya baridi kali na ulale nazo ndani, mahali penye hewa, juu ya ubao, mbali na watoto. Ni kazi ya kuchosha, lakini haigharimu kitu, na tofauti yake asubuhi utaisikia kwenye stata. Kumbuka pia kwamba betri iliyoisha chaji huganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 tu chini ya sifuri. Ukikuta betri imevimba ubavuni, usiishtue kwa waya kutoka gari jingine, maana inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Ipeleke ndani iyeyuke kwanza, kisha fundi aamue kama bado inafaa.

Kwenye oili nitakaa kidogo, kwa sababu katika injini ya 7.3 oili si ya kulainisha tu. Nozeli zake zinasukumwa na oili yenye mgandamizo mkubwa, na bila takriban pauni 500 kwa kila inchi ya mraba hazipulizi dizeli hata tone. Oili ya 15W-40 ambayo gari hutiwa mwaka mzima ni nzuri kwa kiangazi, lakini herufi ile W huambatana na kipimo cha baridi: oili ya 15W hupimwa uwezo wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25, ya 5W kwenye 30, na ya 0W kwenye 35. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 25 unaidai 15W kazi ambayo haikuahidi. Badilisha kabla ya Desemba, utie oili ya sintetiki ya 5W-40 iliyoidhinishwa kwa injini za dizeli. Injini hii inakunywa karibu lita 14, kwa hiyo bei itakuuma. Hata hivyo, kama una pesa ya kutengeneza jambo moja tu baada ya hita plagi na betri, litengeneze hili. Stata itazunguka kwa kasi zaidi, mgandamizo wa oili utapanda mapema, na kile kigugumizi cha dakika za kwanza kitapungua.

Juu ya dizeli nitasema machache, kwa kuwa yako inafika. Dizeli ya kawaida, wanayoiita namba 2, ina nta ambayo huanza kujitenga kwenye baridi, mara nyingi kuanzia nyuzi chache hadi 10 hivi chini ya sifuri, na nta hiyo huziba filta. Vituo vya North Dakota huuza mchanganyiko wa majira ya baridi wenye dizeli namba 1 ndani yake, ambayo iko karibu sana na mafuta ya taa na hustahimili baridi kali. Hatari iko kwa anayejaza tanki Texas au Kansas, akaendesha kwenda kaskazini, akalaza gari kabla hajayatumia mafuta hayo. Dawa ya kuzuia kuganda hutiwa kabla nta haijajitenga. Ikishajitenga, dawa hiyo haiwezi kuirudisha. Petroli usiichanganye kamwe.

Tuje kwenye joto lenyewe. Kitu ambacho wenzako wanakichomeka ni hita ndogo iliyozama kwenye maji ya bloku, na kwenye injini yako ni ya wati 1,000. Huenda gari lako linayo, na waya wake umefichwa nyuma ya bampa ya mbele. Usishawishike kuilisha kwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kutoka kwenye betri zako mwenyewe: wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80, na kabla maji hayajapata uvuguvugu utakuwa umezimaliza betri ulizotaka kuzitumia kupiga stata. Jenereta ndogo ya wati 2,000 inaweza kuilisha kwa saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, ikiwa mwenye nyumba na majirani wataivumilia. Iwe nje kabisa, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo kila mwaka huua watu waliodhani gereji iliyoachwa wazi kidogo inatosha.

Kama gari hili ndilo linalowalisha watoto wako, ninachokushauri kwa moyo wote ni hita inayochoma dizeli. Webasto na Eberspächer, zote za Ujerumani, wamekuwa wakizitengeneza kwa miaka mingi, na malori ya masafa marefu ya Kanada na Skandinavia yanazitegemea. Ni tanuri dogo linalofungwa chini ya boneti, lenye nguvu ya kilowati 5 hivi. Linavuta dizeli kidogo kutoka kwenye tanki, linaichoma ndani ya chumba chake, linapasha maji ya injini na kuyazungusha kwa pampu yake. Likifanya kazi kwa nguvu zote hutumia kama nusu lita kwa saa, na umeme wa ampea chache tu. Unalitegea saa, na baada ya saa moja hivi ya kufanya kazi unakuta injini ina joto kama ya gari lililotembea. Bei yake pamoja na ufundi inaweza kupita dola 1,000, nami siifichi. Lakini piga hesabu ya asubuhi ulizokosa kazi, pamoja na stata na betri utakazoua, kisha ulinganishe. Jambo moja la kukumbuka: hita hii, sawa na ile ya kuchomeka, inapasha maji na bloku, si oili iliyolala kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo haikuondolei haja ya 5W-40. Na hakikisha maji hayo yamechanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, mchanganyiko unaostahimili takriban nyuzi 37 chini ya sifuri.

Huku ukiwa unakusanya pesa hiyo, tumia unachoweza. Egesha mahali ambapo jengo linakinga upepo. Upepo haushushi joto la chuma chini ya joto la hewa, ila unakifikisha huko upesi zaidi. Funika boneti na grili kwa blanketi nene mara unapozima, ukikumbuka kuliondoa kabla ya kuwasha. Siku usiyo na kazi, liwashe saa nane mchana ambapo baridi imelegea kidogo, uliendeshe hadi lipate moto sawasawa, na urudie usiku kabla ya kulala. Kuliacha linaunguruma usiku kucha sikupendekezi, hata kama madereva wa malori makubwa hufanya hivyo: kwa mzunguko mdogo injini haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na miji mingi ina sheria dhidi yake.

Asubuhi zima kila kinachokula umeme, yaani feni, taa na redio. Fungua swichi na usubiri kama nilivyoeleza. Piga stata bila kukanyaga mafuta, kwa sababu kwenye injini hii kukanyaga hakukusaidii kitu. Usizidishe sekunde 15 au 20 kwa mkupuo, na baina ya mikupuo ipumzishe stata dakika mbili, huku hita plagi zikipata zamu nyingine ya umeme. Ikishika, iache ijitulize dakika kadhaa, kisha ondoka taratibu, kwani injini ya dizeli hupata joto kwa kubeba mzigo kuliko kwa kusimama. Ukisikia sauti ya kufoka kwa hewa kwenye bomba la moshi dakika za mwanzo, usiogope na wala usimlipe fundi: mengi ya magari haya yana kifuniko kinachobana moshi ili injini ipate moto haraka, na hufunguka chenyewe baadaye.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa Canter ya miaka ya 1990 hapa Makete, mkoani Njombe, tunapakia viazi na mbao. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kunakuwa na sakitu na gari haliwaki. Fundi wetu alishatoa hita plagi zote akaziba kwa boliti, akisema Afrika hazina kazi. Kila siku tunalisukuma kwenye mteremko, na kukiwa na baridi sana utingo anaweka jiko la mkaa chini ya injini. Tajiri anasema gari limechoka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kumkubalia tajiri, naomba mwachane leo hii na mambo mawili. La kwanza ni hilo jiko. Chini ya sampu ya gari la umri huo kuna oili iliyoganda na vumbi, kuna matone ya dizeli, kuna nyaya na mipira ya breki, na gari limebeba mbao kavu. Wanajeshi wa vita vya pili vya dunia waliwasha moto chini ya injini kwenye majira ya baridi ya Urusi kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, nanyi mnayo. La pili ni mteremko. Injini ikiwa imezima, breki hazina msaada wa hewa na usukani ni mzito. Gari lenye tani kadhaa za viazi likikataa kushika gia halitamsikiliza mtu, na chini ya mteremko wenu kuna nyumba za watu.

Fundi aliyesema hita plagi hazina kazi Afrika alikuwa akiifikiria Dar es Salaam. Nyanda za Kitulo ziko kwenye mita 2,600 na kuendelea, na huko juu hewa ina mgandamizo wa takriban robo tatu ya ule wa pwani. Pistoni inabana hewa haba zaidi na kupata joto pungufu zaidi, hata kabla sakitu haijaongeza la kwake. Rudisheni hita plagi. Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi na ulinganishe na mfumo wa gari: Canter nyingi ni za volti 24, na plagi za volti 12 zikifungwa humo bila mpango wake huungua mara moja, kisha watu husema plagi za siku hizi ni feki. Fundi umeme aangalie pia rilei na waya, kwa sababu zikishakaa miaka bila kazi huenda zimekatwa.

Swali langu la pili kwenu ni oili gani mnatia. Nikidhania ni ile namba 40 ya kupima kwenye pipa, sidhani kama nitakosea. Oili hiyo haina sehemu ya baridi, na asubuhi ya nyuzi sifuri stata inatumia nguvu zake zote kupambana nayo. Tieni 15W-40, ambayo kwa baridi ya Makete inatosha kabisa. Hamhitaji sintetiki ya ndugu yetu wa Fargo.

Kisha fanyeni jaribio moja ambalo halina gharama. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo karibu na filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, halafu piga. Gari likiwaka vizuri siku hiyo, baridi imesingiziwa. Mafuta yanarudi kwenye tanki usiku kwa sababu valvu ya kuyazuia yasirudi haishiki tena, au kuna mpira unaovuta hewa mahali, na hilo ni tatizo la shilingi chache. Kama pampu ni ngumu tangu mwanzo na moshi mweupe unatoka tele, basi ni joto, na hita plagi zitaleta jibu. Iwapo mmefunga hita plagi, mmebadilisha oili, betri ni nzima, na bado linasumbua mpaka saa nne jua likiwa limechomoza, hapo pimeni mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Namba zikiwa chini, tajiri yuko sahihi. Lakini asiseme hivyo kabla ya geji.

Wakati mnasubiri vipuri vije kutoka Makambako au Mbeya, chemsheni maji, yaacheni yapoe hadi mkono uyastahimili, kisha loweka matambara na uyafunge kwenye mabomba ya kuingiza hewa kwa dakika kumi, mkibadilisha yakipoa. Maji yanayochemka msiyamwage juu ya chuma kilicholala kwenye sakitu, kwa kuwa silinda hedi inaweza kupasuka. Na kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, ambako nimesikia kunashauriwa, hakuna msaada wowote hapo Makete: dizeli yenu haijafika kwenye baridi ya kuganda, pampu itakosa ulainisho, na kwa kuwa mafuta hutiwa vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, mkikaguliwa mtajieleza.

SWALI: Kwako fundi. Hapa Kinangop, Kenya, makanika wetu hupulizia etha, ile dawa ya kopo inayoshika moto upesi, kwenye kichujio cha hewa kila asubuhi, na lori letu la maziwa linawaka papo hapo. Lina hita plagi zinazofanya kazi. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya ni mkubwa, ndugu yangu, na upo kwenye sentensi yako ya pili. Etha inashika moto kwenye joto dogo kuliko dizeli, nayo haingoji pistoni ifike juu. Ikikutana na hita plagi yenye wekundu wa moto, hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na nguvu hiyo inairudisha chini kinyume cha mzunguko. Matokeo yake ni ringi zilizovunjika, pistoni zilizomeguka kwenye kingo na ncha za plagi zilizodondokea ndani ya silinda, wakati mwingine hata bomba la kuingiza hewa lililofumuka usoni mwa aliyeshika kopo. Kuna mitambo mizito ya zamani isiyo na hita plagi ambayo kiwanda chenyewe kiliifungia kifaa cha kupima etha kwa kiasi kidogo, na hiyo ni habari nyingine. Gari lenye hita plagi halichanganywi na etha.

Lakini ninachokitilia shaka zaidi ni hiki: kama hita plagi zinafanya kazi kweli, lori halipaswi kuhitaji etha kwenye baridi ya Kinangop. Huenda mnaona taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi na kudhani plagi zinawaka. Kesho kabla ya safari ya maziwa, mwambie makanika aweke kopo pembeni, atoe upau unaounganisha plagi, na apime kila moja peke yake. Pia apige stata huku multimita ikiwa kwenye betri, akuonyeshe volti zinashuka hadi ngapi. Niandikie namba hizo pamoja na aina ya injini, nami nitakujibu katika toleo lijalo.